Machozi ya Mwalimu Taratibu

Alifundisha watu kuendesha gari tangu ujana wake, na neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "taratibu." Mwanafunzi akipanda ukingo wa barabara, taratibu. Akiingiza gia ya nne akitafuta ya pili, taratibu. Ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Mwalimu Taratibu, na hata waliofeli mtihani walimrudia, maana kwake mtu alijifunza bila kutukanwa.

Kisha akapatwa na saratani ya tezi dume. Alipigwa mionzi, akamaliza salama, na madaktari wakampangia sindano kila baada ya miezi mitatu, kwa miaka kadhaa, ya kushusha ile homoni ya kiume inayoilisha saratani. Akashukuru. Alipoanza kulowa jasho ghafla ilhali wenzake wamevaa masweta, alijisemea: heri jasho kuliko sanda.

Habari ya moyo ndiyo iliyomkuta hajajiandaa. Huenda aliambiwa, siku ile ya maelezo mengi, ikaingia sikio hili ikatokea lile. Ilianza na machozi. Asubuhi moja redio ilitangaza kwamba kikongwe aliyepotea amepatikana mzima, naye akalia, mkate mkononi. Akajifanya amepaliwa na chai. Baadaye zikaja hasira. Alimfokea mkwewe kwa kubamiza mlango, kijana wa watu akaacha kuja kuwasalimia. Na siku nyingine hakuwa na hasira wala huzuni. Alikuwa mtupu tu, kama debe.

Kwa sababu ya lile joto, akahamia kulala kwenye kochi sebuleni. Hakueleza kwa nini. Mkewe, mpishi wa shule ambaye hakuzoea kuficha la moyoni, alivumilia, mwisho akamsimamia mbele.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi mbona unanikimbia?"

Akageukia ukutani. Angemwambiaje kwamba hata ile hamu imezimika, kama jiko lililoishiwa mkaa? Mgongo ule mkewe akautafsiri anavyojua yeye.

Mambo yakamfika shingoni siku alipokuwa akimfundisha mshonaji mmoja, mama mjane aliyetaka kuwapelekea wateja nguo mwenyewe. Kwenye mzunguko wa barabara gari likazima. Akaliwasha, likazima tena. Nyuma honi zikaanza kupigwa.

"Wewe mama, kichwa chako kimejaa pamba?" Mwalimu Taratibu akapayuka. "Klachi! Nimesema klachi!"

Mshonaji akavuta breki ya mkono, akafungua mkanda, akashuka.

"Mwalimu," alisema kwa upole akiwa ameshika mlango, "mimi nilizika mume wangu bila kulia mbele za watu. Hutaniliza wewe." Akaenda zake kwa miguu.

Mwalimu alilisogeza gari pembeni, akalaza kichwa kwenye usukani, akalia mpaka kola ikalowa. Jioni alimkuta mkewe akichambua mchele, akaketi karibu naye.

"Nadhani akili inaniruka," akasema. "Sindano ijayo siendi. Bora nife nikiwa mimi."

Mkewe akaweka ungo chini. "Utakwenda. Na mimi nitakuwa ubavuni mwako."

Siku ya kliniki muuguzi aliyemzoea alimwamkia. "Shikamoo, mzee. Mwili unaendeleaje?"

"Marahaba. Salama."

"Na moyo?"

"Salama."

"Mwongo huyu," mkewe akadakia. "Analia, anafoka, halali, na mimi hanitaki tena."

Mwalimu Taratibu akatamani ardhi ipasuke apotee. Lakini muuguzi hakucheka. Aliiweka sindano kwenye sinia, akavuta kiti.

"Si wazimu, mzee, na wala hujamchoka mama," alisema. "Homoni ikishushwa, inashuka na vingine: usingizi, hamu, uvumilivu. Wengi yanawapata, wengi wananyamaza. Usiache dawa kimyakimya. Tuambie, tukusaidie."

Daktari alipoitwa aliongeza kwamba kuna mshauri wa kuzungumza naye, kwamba kutembea na kunyanyua vyuma vyepesi kunainua moyo kuliko watu wanavyodhani, na kwamba hali ikizidi kuna vidonge. Akamwuliza pia, bila kuzungukazunguka, kama huwa anawaza kujidhuru. Hapana, akajibu, ila kuna asubuhi haoni sababu ya kuvaa viatu. Daktari akasema hilo pia ni la kusema.

Njiani kurudi nyumbani mkewe akaanza kucheka peke yake.

"Unacheka nini?"

"Nakumbuka nilipokoma hedhi. Nikijipepea na mfuniko wa sufuria, wewe ulisema nataka kupaa. Haya, karibu chamani, mwenzangu."

Akacheka naye, kisha kicheko kikageuka kilio hapohapo barabarani, na safari hii hakusingizia chai. Mkewe akampa ncha ya khanga afute uso.

Alirudi chumbani, dirisha wazi, kila mmoja na shuka lake. Hamu haikurudi, lakini walishikana mikono, na mkewe akaacha kujihesabia makosa. Kwa mkwewe alikwenda mwenyewe kuomba radhi. Kwa mshonaji pia. Huyu alimsikiliza huku akiendelea kupinda pindo, akasema amemsamehe, ila ameshapata mwalimu mwingine na hana mpango wa kuhama. Ilimuuma, lakini alistahili. Tangu hapo, akihisi hasira inapanda, humwambia mwanafunzi asimamishe gari, kisha yeye mwenyewe hushuka kupunga hewa. Kuna wiki inayokwenda vizuri, na kuna wiki mkewe humfunua shuka kwa nguvu ndipo atoke kutembea.

Kwenye kliniki iliyofuata aliketi karibu na mwanamume mnene, mchukuzi wa mizigo, aliyekuwa akikodolea sakafu macho kama aliyeangusha kitu.

"Nawe uko kwenye sindano?" Mwalimu Taratibu akamwuliza.

"Mwaka wa pili."

"Unalia?"

Yule mchukuzi akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Jana. Kwa sababu ya mpira."

"Timu yako ilifungwa?"

"Ilishinda."