Mawese Yaliyochomwa Yakawa Meupe

Zamani hapa kwetu doa la mawese kwenye shati la Jumapili lilionyesha kwamba mtu ametoka kwenye nyumba yenye chakula. Leo linaonyesha kwamba ametoka porini.

Naanza na doa kwa sababu maisha ya Mama Émilienne, jirani yangu wa miaka mingi hapa Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, yote yamepita ndani ya mafuta. Alizaliwa Swima, ambako baba yake alikuwa na michikichi kwenye mteremko nyuma ya kijiji. Kabla hajajua kufunga kitenge alijua kuchambua ngazi, yaani chikichi zilizoiva, kuzichemsha ndani ya pipa, kuzitwanga na kuzikamua mpaka mawese yashuke. Kwa wazee wake kulikuwa na desturi moja ambayo sisi wa umri ule sote tuliikuta: mafuta ya kwanza hayauzwi. Yakishuka tu, yakiwa bado na povu, watoto wa uani wanasogea, kila mmoja na donge la bugali kiganjani, na mama mwenye kazi anammwagia kila mmoja juu ya donge lake. Hayakurudi motoni. Tuliyala yakiwa mekundu vile vile, na tulilamba mpaka kwenye viwiko. Hakuna aliyetueleza sababu. Tuliambiwa mafuta ya kwanza ni ya batoto, basi, na siku zile neno la mkubwa lilitosha.

Vita vilipokuja mwaka wa tisini na sita, Émilienne alivuka ziwa na mtoto mmoja mgongoni, akaishi kambini Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi, akamzika mumewe huko. Aliporudi, michikichi ya baba yake ilikuwa imemezwa na kichaka, na nduguze waligombea hata kichaka chenyewe. Akabaki Baraka. Akanunua mashini ya kukamulia, ile ya kuzungusha kwa mikono, akaisimamisha nyuma ya nyumba yake, na sisi majirani tukaanza tena kunusa harufu tuliyoizoea.

Lakini Baraka haikuwa tena ile tuliyoijua. Magari ya mashirika yalikuwa yamejaa, yenye antena ndefu kama fimbo za kuvulia, na wageni walihitaji mahali pa kula. Mtu mmoja aitwaye Anatole alifungua malewa, nyumba ya chakula, karibu na kituo cha magari. Huyo ndiye aliyemwambia Émilienne kwamba mawese yanachafua sahani na vitambaa vyake, na kwamba wageni wanataka mafuta meupe. Mafuta meupe ya madukani yalitoka mbali na bei yake ilipanda kila juma. Basi Émilienne akafanya kama wengine walivyokuwa wameanza kufanya: akatia mawese kwenye sufuria kubwa, akafunika, akachochea kuni mpaka moshi mkali ukatoka pembeni mwa kifuniko. Ukifunua baadaye, wekundu umekufa. Yanabaki mafuta ya rangi ya chai hafifu, na wote wa mtaa wanakohoa.

Nilimwambia kwamba anachoma kitu ambacho mababu hawakukichoma. Akanijibu kwamba mimi hata jua likitoka nalaumu mwangaza. Majirani walicheka, na kweli maneno yale yalinifaa.

Biashara ilimkubali. Wakamwita Mama Mweupe, naye akalipenda jina hilo. Mekundu yaliyobaki aliwauzia wakimbizi wa Burundi walioko Lusenda, hasa mama mmoja aitwaye Joselyne aliyekuja kila juma na kidumu chake. Jikoni kwake mwenyewe mekundu hayakuingia tena. Na watoto wa uani waliokaribia mashini na bugali walifukuzwa, kwa sababu kila tone lilikuwa la kwenda kuchomwa au kuuzwa.

Asilaumiwe kwamba alikuwa mchoyo. Mwanawe Bertin na mkewe walikwenda kutafuta maisha Kalemie, wakamwachia binti yao Arlette, mtoto wa miaka mitano hivi, na huyo Arlette alipata kilicho bora cha nyumba. Ndiyo balaa yenyewe. Kilicho bora kilikuwa cheupe.

Halafu ikaja surua. Arlette alipona, ila alitoka kitandani akiwa mwembamba kama ufito. Nyanya yake aliapa kumrudisha. Alimkataza sombe, yale majani ya muhogo, akisema majani yatamharisha. Alimkataza ndagala, yaani dagaa wa ziwa letu, akisema mifupa na vichwa vyake ni vikali kwa tumbo bichi. Alimpa uji wa muhogo, bugali, na viazi vilivyokaangwa katika mafuta meupe, miezi mfululizo, kama anayemhudumia mgeni wa Anatole. Mtoto alianza kunenepa mashavu. Sote tuliona mashavu, tukasifu.

Hapa kwetu jua huzama nyuma ya milima, na giza linashuka ziwani taratibu. Katika saa ile Arlette alianza kuwa mtoto mwingine. Alikanyaga mkeka wa ndagala za jirani. Aligonga bega kwenye nguzo aliyoizunguka mchana kutwa. Watoto wenzake waligundua kabla yetu, nao hawakuwa na huruma. Walimwimbia: "Kuku, ingia bandani!" kwa kuwa kuku haoni jua likishazama. Mwishowe akaacha kucheza jioni. Alikaa kizingitini na mikono yake magotini, akisubiri kuitwa.

Nyanya yake alidhani ni ukaidi. Jioni moja, nikiwa hapo naazima shoka, alimnyooshea andazi. Mtoto akanyoosha mkono, akashika hewa kando ya andazi. Akajaribu tena, akashika hewa upande wa pili. Émilienne aliliweka lile andazi juu ya kinu, polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Toka siku hiyo hofu ikawa moja tu nyumbani mle: Arlette anapofuka. Na kwa kuwa hofu haipendi kukaa bila jina la mtu, Émilienne akalitafuta jina, akalipata la Joselyne. Alikumbuka kwamba yule mama wa Burundi aliwahi kumsifu mtoto kwa macho yake makubwa. Zamani mtu alikaa na shauri kama hilo mbele ya wazee mpaka lipoe. Siku hizi linapelekwa moja kwa moja barabarani.

Joselyne alipofika na kidumu chake, Émilienne alimsimamisha mbele ya watu wote. Akamwambia macho ya mjukuu wake yamekwenda Lusenda, na ayarudishe.

Joselyne alitua kidumu chini.

"Mama, mi ningeyatia wapi?" alisema. "Niko na yangu mbili, na ya batoto wangu sita. Hata nyumba yangu ya kambini haina nafasi ya macho ingine."

Watu wakaanza kucheka, lakini kijana mmoja akaokota jiwe. Nikamnyang'anya. Joselyne akachukua kidumu chake kitupu, akaondoka bila kukimbia, na hakurudi juma lililofuata.

Mimi niliacha shule darasa la nne. Yaliyobaki nimejisomea katika vitabu vilivyotupwa na wenye shule. Nina kimoja cha Kifaransa cha wauguzi wa zamani, hakina jalada. Nilikisoma usiku ule na kesho yake nikamwendea Émilienne. Nikamwambia kuna ugonjwa wa kutoona jioni unaotokana na chakula, unatibika, lakini ukiachwa unaweza kuimaliza mboni. Sikujua zaidi ya hapo. Nadhani alikubali kwa sababu ya lile neno kuimaliza. Tulipanda pikipiki moja kwenda kituo cha afya, dereva, mimi, yeye na mtoto, tukiwa tumebanana kama ndagala kwenye kikapu.

Muuguzi aliitwa Raphaël, kijana mwenye waya za muziki shingoni, nami nilikuwa tayari kumchukia. Alimsogeza mtoto dirishani, akalivuta kope la chini. Akanionyesha hata mimi: kando ya mboni, penye weupe wa jicho, palikuwa pamekauka, na juu yake kulikuwa na kidoa kama povu la sabuni. Akauliza mtoto anakulaka nini. Émilienne akataja kwa fahari bugali, uji, viazi.

"Na mafuta gani?"

"Ya mweupe, muganga. Ile ya muzuri. Natengenezaka mi mwenyewe na mawese."

Raphaël aliketi kwenye ukingo wa meza. Alieleza bila kupandisha sauti, na hili namkubalia. Alisema mafuta si kitu cha kukaangia tu. Kila sehemu ndogo ya mwili imezungushiwa ukuta wa mafuta, na ubongo wa mtoto unajengwa kwayo. Tena kuna vitamini ambazo maji hayawezi kuzibeba, ni mafuta tu yanayozibeba kutoka tumboni. Ile ya macho ni mojawapo, na mwili unaitengeneza kutokana na ule wekundu wa mawese. Alisema mafuta yakizidi, au yakichomwa tena na tena kama pale kwa Anatole yanapokaangiwa mpaka yanakuwa meusi, yanawadhuru wakubwa kwenye mishipa ya damu na moyo. Lakini mtoto aliyetoka surua akinyimwa yale mekundu, na sombe, na ndagala nzima na kichwa chake, macho yake yanakaa bila akiba.

"Rangi munayochoma, mama, ndiyo ilikuwa dawa."

Émilienne alitazama sakafu. "Basi ni mi nilimuchomea macho."

"Surua ndiyo ilikula akiba," Raphaël akasema. "We hukuirudisha tu. Mboni ingali nzima. Tumefika mbele ubaya haijafika."

Akatoa kidonge laini, chekundu, akakikata ncha kwa mkasi na kukikamulia mdomoni mwa mtoto. Arlette alilamba midomo. Émilienne alimshika muuguzi mkono akauliza ndani mle mna nini.

"Mafuta," akasema. "Mafuta na ile vitamini."

Émilienne akaomba kilichobaki, lile ganda tupu, akalisugua katikati ya vidole mpaka tukafika nyumbani. Tuliambiwa tumrudishe kesho, na tena baada ya majuma mawili, na katikati mtoto ale kama watoto wa zamani walivyokula. Mimi nilikuwa na maneno mengi ya kusema njiani juu ya hilo. Nikayameza, kwa sababu pikipiki ilikuwa ikipiga kelele na yule mama alikuwa amemkumbatia mtoto.

Haikuchukua siku nyingi. Nilikuwa napita uani kwao jua likiwa limeshazama, kila kitu kimekuwa kijivu, na Arlette ameketi kizingitini kama kawaida yake. Nikasalimia. Akaniangalia, akaangalia juu yangu.

"Koko," akasema, kama watoto wetu wanavyowaita wazee, "kofia yako iko na tundu."

Émilienne alitoka jikoni na mwiko mkononi. Akamwuliza tundu liko wapi. Mtoto akanyoosha kidole, na kilikuwa sawa kabisa, upande wa kushoto, ambapo panya walikula. Nyanya akaniomba niisogeze kofia, niiweke kule, niifiche mgongoni. Na kila mara kidole kiliifuata. Halafu akakaa chini palepale kwenye makapi ya ngazi, na kitenge chake kizuri, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi niliivaa kofia yangu. Sijaishona mpaka leo.

Mkamuo uliofuata aliita watoto wote wa uani waje na bugali. Wengine hawakujua wafanye nini na viganja vyao, wakaletewa vijiko. Hapo ndipo tulipofikia. Alikuwa amemtuma dereva wa pikipiki kwenda Lusenda, na Joselyne akaja na mtoto wake wa mwisho. Émilienne alimimina ya kwanza kabisa juu ya donge la mtoto yule, kabla hata ya Arlette, mbele ya watu wale wale. Kisha akamwomba Joselyne msamaha, kwa sauti ya kusikika.

Joselyne alimtazama Arlette. "Kumbe macho ilirudi yenyewe? Mi nilikuwa nayaleta leo."

Émilienne akacheka wa kwanza, na kidumu cha Joselyne kilijazwa mpaka shingoni.

Anatole aliambiwa sufuria ya kuchomea imepumzika. Alinunua mafuta kwingine bila kuhuzunika, na mtaa wetu ukaacha kukohoa. Mteja mkubwa alikuwa yeye, kwa hiyo Émilienne hakuona sababu ya kung'ang'ania mjini. Binamu mmoja wa Swima alikubali afyeke sehemu ya michikichi ya baba yake, naye akaenda na mashini yake na mjukuu. Nilimwambia atajuta. Alisema nitakuja kuomba mafuta.

Nilikwenda kweli. Nilikuta watoto wa kule wameshajua siku ya mkamuo, na sikupata la kulaumu, jambo lililonisumbua. Émilienne na mjukuu wake walinisindikiza kwenda barabarani jioni, mteremko wenye mawe, mwanga umekwisha mlimani na ziwa limebaki na weupe kidogo. Macho yangu yamezeeka, na ya Émilienne yanazeeka pia, na uzee hautibiwi kwa kidonge chekundu. Arlette alitangulia. Alimshika nyanya yake mkono, kama mwenyewe alivyokuwa akishikwa, na mimi nikashika ncha ya kitenge cha nyanya. Alitusomea njia bila kugeuka nyuma. Jiwe, alisema. Mzizi. Shimo, koko. Walipofika barabarani waliniacha na dereva, wakageuka kupanda, nami niliendelea kuisikia sauti yake ikihesabu mawe hata baada ya giza kuwaficha. Tangu hapo sijawaona.