Mganga Aliyekuwa na Bwana Wake

Baba na mama walipokwisha kufariki, mimi niliye mkubwa niliacha shule ya misheni, nikaenda kufua vitambaa vya vidonda kwa bwana mganga, Mdachi aliyewekwa na serikali pale Mwaya, kando ya ziwa. Kazi hiyo niliishika kwa sababu moja: mdogo wangu wa kiume alikuwa na donda ndugu mguuni, na bwana mganga alimwosha kila asubuhi. Harufu ilikuwa imeanza kupungua.

Siku moja tarishi alileta barua. Bwana mganga akaisoma mara mbili, akaketi juu ya sanduku la dawa.

"Nahamishwa pwani," akasema. "Meli keshokutwa."

"Na mguu wa huyu?" nikauliza, nikimwonyesha mdogo wangu.

"Haujapona. Niliomba nibaki. Wamekataa."

Nilidhani sikukielewa Kiswahili chake. Kwetu mganga hatumwi. Akianza kukutibu hakuachi mpaka akufungue: akunyweshe dawa ya mwisho, apokee kuku wake, aseme mbele ya watu kwamba umekwisha kupona. Asiyefunguliwa, hata akipona, ugonjwa unaijua njia ya kurudi.

"Basi mfungue kabla hujaenda," nikasema.

Akainama, akaanza kuuvua ule mguu vitambaa.

"Siyo hivyo, bwana!" Nikamweleza. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Binti, nitamfunguaje mtu? Mimi mwenyewe nimefungwa. Nilitia sahihi karatasi. Wakisema nenda, naenda."

Nilirudi nyumbani kichwa kimevurugika. Bibi alikuwa akifinyanga chungu, wala hakuinua macho.

"Mganga gani anatumwa kama mpagazi? Kama ana bwana wake, basi bwana huyo ndiye mganga. Kamwambie yeye amfungue mjukuu wangu."

Niliona ana akili. Kesho yake nilimbeba mdogo wangu mgongoni, kuku kwapani, mpaka bomani.

"Dada, huyo kuku wa kesi gani?" askari wa mlangoni akauliza.

"Wa kumfungua mgonjwa. Namtaka bwana mkubwa, mwenye mganga."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Bwana mkubwa naye anangoja barua yake ya kuhamishwa! Utawamaliza kuku wa Mwaya wote."

Nikakaa chini pale pale. Kama mkubwa naye anatumwa, anayetuma yuko wapi? Mdogo wangu akaninong'oneza sikioni, "Dada, kesho nani ataniosha?"

Hilo peke yake nililiweza. "Mimi," nikasema, tukarudi nyumbani.

Meli ilimchukua bwana mganga. Nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikaosha kama nilivyomwona akiosha, kila asubuhi, bila kujua kama nakosea. Mvua zilipokatika, donda lilikuwa limefunga.

Bibi akataka nimfungue mimi, kwa kuwa ndimi niliyemaliza kazi. Nikakataa. Niliogopa nikiitwa mganga, nami nitaletewa barua.