Bi Subiri na nusu saa kabla ya saini

Saa mbili na robo asubuhi, na Bi Subiri tayari yuko chini. Amelala chali juu ya kipande cha boksi, miguu nje, kichwa kimezama chini ya gari jipya la kijivu lililoteremshwa sasa hivi kutoka kwenye lori.

Mwenye gari, fundi wa meno aliyeomba ruhusa ya saa moja kazini, amesimama pembeni na kalamu mkononi. Karani wa yadi amemnyooshea karatasi ya kupokelea. Dereva wa lori anatazama saa yake, anatazama mawingu, anatazama tena saa yake.

"Nisaini wapi?" anauliza mwenye gari.

"Subiri, kaka," sauti inatoka chini ya gari. "Gari halikimbii. Halina hata mafuta ya kukimbilia."

Dereva anaangua kicheko. "Mnamsikia? Huyu mama atanizeesha. Napeleka magari miji minne, hakuna ninakokaa kama hapa."

Jina la kwenye kitambulisho analo, ila hapa yadi hata karani akiulizwa anakuna kichwa kwanza. Kila mtu anamwita Bi Subiri, na neno hilo analisema mara nyingi kuliko salamu.

Anatoka chini ya gari, anajikung'uta vumbi, anaanza kulizunguka. Anapitisha kiganja juu ya boneti. Anagonga milango kwa kifundo cha kidole, mmoja mmoja, kichwa kimeinama. Mwandishi wa makala haya naye alijaribu kugonga, akasikia mlango tu. "Usijali," Bi Subiri akamfariji, "na wewe una kazi yako."

Kisha anafungua buti. "Tairi ya akiba iko wapi, kaka?"

Mwenye gari anachungulia. "Nilidhani iko chini huko."

"Haipo. Gari hili linakuja na pampu na dawa ya kuziba pancha. Iliandikwa pale ulipokuwa unachagua rangi."

Fundi wa meno anacheka kwa aibu. Anakiri kwamba rangi aliichagua kwa siku tatu na maelezo mengine aliyapitia akiwa anapiga mswaki. Dakika ishirini na nane baada ya kuanza, Bi Subiri anatikisa kichwa kukubali. "Sasa saini, kaka. Gari ni zima. Hongera sana."

Wasomaji ambao hawajanunua gari siku za karibuni waelezwe kidogo. Zamani mtu alikwenda shorumu, akakaribishwa kiti, akazunguka magari, akapiga teke tairi, akabishana bei mpaka jasho likamtoka. Siku hizi kampuni nyingi zimeachana na madalali na maduka. Mnunuzi anachagua gari kwenye simu, analipa kiwandani moja kwa moja, bei ni moja kwa wote, na gari linaletwa na lori mpaka yadi ya kampuni au mlangoni kwake. Akishatia saini ile karatasi ya kupokelea, basi. Mkwaruzo ni wake, kibonyeo ni chake, na taa iliyopasuka ni yake yeye na wajukuu zake.

Bi Subiri alikuwa mtu wa shorumu. Aliingia akiwa na miaka ishirini na tisa, kazi yake ikiwa kufuta magari kwa kitambaa ili yang'ae kabla wateja hawajafika. Alifuta miaka sita. Siku moja muuzaji aliugua, mteja akaja, na yeye akaacha kitambaa begani akamweleza mteja gari lote kuanzia taa za mbele mpaka bomba la moshi. Gari likauzwa. Bosi akamwambia kitambaa amwachie mwingine.

Miaka kumi na moja iliyofuata aliuza magari zaidi ya mia tisa. Halafu kiwanda kikatangaza kwamba kuanzia mwaka mpya kitawauzia wateja chenyewe. Bosi aliwakusanya wafanyakazi wote kumi na mmoja kati ya magari mawili ya mwisho ili awaambie. Hakukuwa na haja, kila mtu alikuwa amekwisha kujua.

"Nililia kwenye choo cha wateja," anasema. "Cha wafanyakazi kilikuwa kimejaa, wenzangu nao walikuwa wanalia. Nina miaka arobaini na sita, najua kuuza gari tu, na gari linajiuza lenyewe kwenye simu. Unga ulikuwa umemwagika, mwanangu. Wote. Hata wa kukwangua haukubaki."

Alikaa nyumbani miezi mitano. Mume wake ni mwashi, na kwa muda huo nyumba yenye mabinti wawili wa shule na mama mkwe iliishi kwa matofali yake peke yake. Bi Subiri hapendi kuuzungumzia muda huo. Anasema tu kwamba alipanga makabati mpaka makabati yakachoka.

Aliyemtoa nyumbani ni wifi yake, dada wa mumewe, mwenye saluni na pupa ya vitu vipya. Wifi huyo aliagiza gari kwenye simu bila kumwambia mtu, ili awashangaze. Na kweli aliwashangaza. Lori lilifika, gari likateremshwa, zuri ajabu, majirani wakatoka nje. Wifi akasaini mbio mbio, akakaa kwenye usukani, akaelekea getini kwake. Gari halikupita.

"Likakwama kwa vioo!" Bi Subiri anasimulia, machozi ya kicheko yanamtoka. "Vioo tukavikunja. Likakwama kwa milango. Wifi anasema labda tuliingize kinyumenyume. Nikamwambia wifi yangu, upana wa gari ni ule ule hata liingie kwa matako."

Gari lililala barabarani wiki mbili, limefunikwa mashuka ya saluni. Aliyeitwa kubomoa nguzo ya geti ni mwashi, kaka mtu. Alipokuwa anavunja tofali la tatu alimgeukia mkewe.

"Mama watoto," akamwambia, "hii kazi nimeipata kwa kosa ambalo wewe ungelizuia kwa hii." Akamrushia futi kamba yake.

Bi Subiri anasema alisimama pale na futi kamba mkononi kama mtu aliyeamshwa. Watu hawakuacha kununua magari. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia subiri kwanza. Juma lililofuata alikwenda kwa mwalimu aliyekuwa anataka kuagiza, akapima geti, akapima banda, akamkalisha mama mzazi wa mwalimu kwenye stuli kuona goti linakunjika kwa urefu gani. Gari alilokuwa amelichagua mwalimu lingemtaka bibi yule apandishwe kwa ngazi. Wakachagua jingine. Bibi akambariki.

Habari zikasambaa. Wakaanza kumwita apime kabla ya kuagiza, kisha wakamwita asimame nao siku gari linapofika. "Tulikuwa tunauziwa mbuzi kwenye gunia," anasema mwalimu yule. "Yeye alikuwa anatufungulia gunia."

Ndipo likaja gari jeupe la mkunga.

Mkunga huyo alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini na tano ya kupokea watoto wa watu. Kiinua mgongo chake chote alikitia kwenye gari hilo moja, ili aweze kuwafikia wazazi waliojifungua majumbani kwao. Alikuja yadi amevaa vizuri kama anakwenda harusini. Bi Subiri akalizunguka gari lake, akapitisha kiganja, akafika mlango wa nyuma wa kulia, akasimama. Akarudisha kiganja. Akagonga. Akaufunga mlango mara nne.

"Mama," akamwambia mkunga, "usitie saini."

Hakukuwa na kitu cha kuonekana. Karani alitazama, dereva alitazama, rangi ilikuwa safi. Bi Subiri akasema mlango ule umegongwa, ukanyooshwa, ukapakwa rangi mara ya pili. Karani akapiga simu makao makuu. Sauti ya huko ikamjibu Bi Subiri kwa upole wa watu wasiokuwa na wasiwasi: magari ya kampuni yanatoka kiwandani bila dosari.

"Sikatai, baba," akajibu. "Mimi nazungumzia lililofika hapa."

Wakamwambia gari lirudishwe nyuma ya yadi, mhandisi atakuja kulipima. Likikutwa zima, mkunga atalipia gharama zote za kulikataa, na Bi Subiri hataruhusiwa kukanyaga pale tena. Mbele ya watu wote, Bi Subiri akasema sawa. Akamgeukia mkunga akamwambia bado ana nafasi ya kusaini, hatamlaumu.

Mkunga akamrudishia karani karatasi. "Binti yangu," akasema, "mimi nimeweka mkono kwenye matumbo ya wanawake nikawaambia madaktari mtoto amekaa vibaya, na mashine zao zinasema hapana. Nami sisaini."

Mhandisi alichukua siku tisa kufika. Siku hizo tisa mji ulisema sana. Ana kinyongo, walisema, shorumu yao imekufa sasa anataka na wengine wasiuze. Wateja watatu waliahirisha. Wifi naye, kwa nia njema, akamshauri amwambie tu yule mama asaini yaishe.

"Niliogopa, nisikudanganye," Bi Subiri anasema, na hapa hacheki. "Kama nimekosea, nimemfilisi mama wa watu. Chakula hakipiti. Siku ya tano nilimwomba karani aniruhusu, nikaweka tena kiganja kwenye ule mlango. Nikajiuliza, ni kweli, au najidanganya kwa sababu nataka bado kuwa na kazi? Mkono ukaniambia ni kweli. Nikarudi nyumbani, nikala."

Mhandisi alikuja na kifaa kidogo cha kupimia unene wa rangi. Akakiweka kwenye mlango wa mbele, akaandika. Akakiweka kwenye boneti, akaandika. Akakiweka kwenye mlango wa nyuma wa kulia, akakitikisa kifaa, akakiweka tena. Namba ilikuwa karibu mara tatu ya zile za kwanza. Akaagiza mlango ufunguliwe kwa ndani. Wakakuta chuma cha kumkinga abiria kimepinda, na juu ya bati kuna plasta ya kujazia, nene kama biskuti. Lilikuwa limegongwa safarini, na mtu huko njiani akaona bora afiche kuliko aseme.

Mhandisi akafunga kifaa chake polepole.

"Mama, umejuaje?"

"Mwanangu, nimefuta magari miaka sita. Gari lililopakwa mara mbili kitambaa kinalijua."

Mkunga ndiye aliyepiga kigelegele. Alipiga kile cha wodini, anasema dereva, cha kumtangazia baba aliyeko nje. Dereva akapiga honi ya lori, makarani wakatoka ofisini. Mume wa Bi Subiri, aliyekuwa amesimama nje ya uzio na chokaa mpaka kwenye nyusi, akaruka uzio akamnyanyua mkewe juu mbele za watu. "Mzee mzima!" Bi Subiri anasema, bado anaona haya, na raha haijamtoka usoni.

Mkunga aliletewa gari jingine ndani ya mwezi. Na kampuni ikamletea Bi Subiri barua ya kumwajiri pale yadi.

Aliikataa.

"Niliwauliza, nikila ugali wenu, kasoro zenu nitaziona kweli?" Akawapa masharti yake. Alipwe kwa kila gari analokagua, malipo yale yale likiwa zima au likiwa bovu. Na kila mteja, awe naye au asiwe naye, apewe nusu saa ya kulizunguka gari lake kabla hajaonyeshwa kalamu. Walifikiri wiki tatu. Leo sharti la nusu saa limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya dirisha la karani.

Siku hizi anakagua magari kama thelathini kwa wiki. Kati ya magari elfu moja na mia mbili aliyokwisha kuyapitia, arobaini na moja ameyarudisha, na hajawahi kukosea hata moja. Kipato chake, anasema, kimepita mshahara wa shorumu kwa nusu yake. Amewavuta wenzake wawili wa zamani. Mmoja alikuwa mpishi wa chai pale shorumu, na sasa ndiye pua ya kikosi: zulia lililowahi kulowa maji analijua kabla mlango haujafunguka wote.

Hata bosi wao wa zamani alikuja, ameagiza gari kwenye simu kama watu wengine. Akataka kusaini upesi, yeye ni mtu wa magari, anajua. "Subiri, bosi," akaambiwa. Akasubiri. Walimkutia taa ya nyuma yenye ufa.

Tulipomuuliza anataka nini sasa, tulifikiri Bi Subiri atajibu kuhusu wanawake sita anaotaka kuwafundisha mwaka ujao, na kwa kweli alianza na hao. Anataka kila yadi iwe na mtu wa kumsimamia mnunuzi. Kisha akatoa simu mfukoni, akatuonyesha picha ya gari dogo la bluu.

Katika maisha yake yote ameuza magari mia tisa, amekagua zaidi ya elfu moja, na hajawahi kumiliki hata moja. Hilo la bluu ameliagiza yeye na mumewe. Linafika mwezi ujao.

"Silileti mimi hilo!" dereva akapiga kelele kutoka kwenye lori. "Tutalala hapa!"

"Utalileta wewe," Bi Subiri akamjibu, "na utasimama hapo hapo. Nitalizunguka nusu saa yangu yote. Nikimaliza nikaona ni zima, nitalizunguka tena, kwa raha zangu tu, kwa sababu ni langu."