Siku Kumi na Nne za Mama Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja pale kijijini Maji ya Chai, mwanangu, nimekaa kitandani, nguo zangu nimeshazifunga kwenye kanga, nataka kumwacha mume wangu. Ukiniuliza alinikosea nini, hadi leo naandika kwenye daftari hili nafuta. Hakunipiga, hakunitukana. Alikuwa mtu wa maneno machache tu, na mimi kila akinyamaza nilisikia ananidharau.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa ndoa na nilitaka nisifiwe kwa kazi. Kila asubuhi nakamua ng'ombe, maziwa yote napeleka barabarani kwa wanunuzi. Mayai, mboga ya mnafu, maparachichi, vyote sokoni. Mimi nakunywa chai ya rangi na andazi, jioni nakwangua ukoko wa ugali wenzangu wakishamaliza. Nilijua mke mzuri ndiye anayekula mwisho. Nani aliniambia? Labda mama yangu, labda nilijiambia mwenyewe. Nisimsingizie mtu.

Basi nikawa nalia nikiosha vyombo. Kuku akipita mlangoni namfokea. Nikadhani nimerogwa, nikadhani pia simpendi mume wangu, nisijue lipi ni lipi.

Asubuhi ile mama mkwe, ambaye nyumba yake ilikuwa uani hapohapo, akaingia akaona furushi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Nyumbani kwetu, Terrat. Nimechoka na ninyi."

Akakaa. "Leo umekula nini?"

"Chai."

"Na jana?"

"Chai. Na ukoko."

"Maziwa?"

"Nimepeleka barabarani."

"Mnafu?"

"Sokoni."

Akacheka, mama yule. "Kumbe watu wako wako sokoni, sisi hapa unatuchukia bure. Sikiliza, mke wa mwanangu. Sikurudishi kwa mama yako umekauka hivyo, atasema nilikuwa nakupa kuni utafune. Kula kwangu siku kumi na nne. Ukimaliza bado unatuchukia, nakusindikiza mwenyewe mpaka mlangoni kwenu."

Akanipakulia loshoro, yale mahindi na ndizi vilivyopondwa na maziwa mgando. Nikala kwa hasira. Kesho yake mnafu na maharage, keshokutwa mayai. Nilianza kulala vizuri. Siku moja mume wangu akanyamaza, nikaona ananyamaza tu, hakuna zaidi. Siku ya kumi na nne ilipita nikiwa shambani napalilia. Niliikumbuka baada ya wiki nzima, na furushi nilikuwa nimeshalifungua kutafuta sketi.

Sasa hapa ndipo ninapochanganyikiwa. Ni chakula kilichonitengeneza? Au ni kule kuketi na mtu anayeniuliza nimekula nini? Siku zile mama mkwe alinipokea pia kazi ya kukamua, kwa hiyo nilipumzika. Elimu yangu ni darasa la saba, siwezi kuvitenganisha. Tena yuko jirani yangu aliyekula vizuri kuliko mimi na huzuni haikumtoka mpaka alipotibiwa hospitali. Kwa hiyo sisemi mnafu unatibu kila kitu. Ningesema hivyo ningekuwa nakudanganya.

Ninachosema ni hiki, mwanangu unayeshinda mjini kwa chipsi na soda. Siku utakapoona kila mtu amekuwa mbaya, kazi mbaya, mwenzako mbaya, usiamue siku hiyohiyo. Jiulize umekula nini wiki hii. Tafuta mboga za majani, maharage, yai, tunda, maziwa, na ule kwa saa zake, usingoje wengine washibe. Jipe siku kadhaa. Ukiona giza bado limekaa, mwambie mtu, uende hospitali, wala usione haya. Na kama mtu kweli anakuumiza, ondoka. Hilo si la chakula.

Mimi nilikaa na mume wangu mpaka nilipomzika, na ule ukimya wake nilikuja kuupenda. Nilikaribia kuukosa kwa ajili ya njaa, kama kweli ilikuwa njaa.

Mungu akupe chakula kizuri, mwanangu, na akupe mtu wa kukuuliza kama umekula.