Kijiko Kimoja cha Klorini

Mwanzoni mwa wiki niliitwa Kibondo, kwenye nyumba ya wageni ambayo bwawa lake la kuogelea lilikuwa limegeuka kijani. Kabla sijatua ndoo, mwenye nyumba alinyoosha kidole kwa dada wa usafi aliyesimama kando ya ukuta.

"Huyo ndiye kalichafua. Mvivu."

Nikamuuliza mwenye nyumba pampu inawashwa saa ngapi kwa siku. Akasema ameizima tangu mwezi uliopita, umeme ghali. Nikaitua ndoo kwa kishindo. Mimi ni mtu wa wasiwasi, ndugu yangu. Napima maji mara tatu na bado siamini. Lakini ule haukuwa wasiwasi. Ilikuwa hasira, tena ya zamani.

Nilikuwa darasa la tano, Kasulu. Bibi aliyenilea alifanya usafi kwa mkandarasi wa barabara aliyetoka mkoa mwingine. Tulimwita bosi. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na bwawa, la kwanza kuliona maishani mwangu, na Jumamosi bibi alikwenda nami. Nakumbuka harufu ya klorini ikichanganyika na ya muhogo aliouchoma mtunza bustani, mkwaruzo wa ufagio kwenye saruji, na vumbi jekundu la kiangazi tuliloliopoa kwa kipande cha chandarua kilichofungwa kwenye ufito. Mchana tulikula ugali na maharage pale ukingoni, miguu tumeikunja, maana kuyagusa maji tulikatazwa.

Siku moja bosi alileta ndoo mpya ya klorini akiwa anasafiri. "Maelezo yako hapo, mama. Soma." Akazima pampu ili umeme usiishe, akaondoka.

Maelezo yalikuwa ya Kiingereza. Bibi alijua kusoma Kirundi cha kanisani, basi. Akanigeuzia ndoo. "Soma, mwana wanje, mwanangu. Si wewe wa kwanza darasani?"

Nikasoma kwa sauti, bila kukwama, kama nilivyosoma mbele ya mwalimu. Nilielewa maneno matatu: maji, jua, usifanye.

"Inasemaje?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na moja ambaye hakuwahi kukosa hata imla, na neno "sijui" sikuwahi kulitamka mbele ya mtu. Nikamwambia, "Inasema kijiko kimoja kila Jumapili."

Bibi akafuata kwa uaminifu. Kijiko kimoja, amekisawazisha kwa kidole.

Leo najua, nimejifundisha mwenyewe kwenye simu na kwa kuharibu maji ya watu. Bwawa haligeuki kijani kwa uvivu wa mtu. Ule ni mwani, mmea mdogo sana, na jua huila klorini kila siku. Klorini ikipungua na maji yakisimama, mwani unatawala. Ndani ya wiki mbili kuta zilikuwa na utelezi na maji yana rangi ya kisamvu.

"Tutupie kambale humo," mtunza bustani alicheka, "Krismasi tunakula wote."

Bibi hakucheka. Alifanya alichojua. Kwetu majivu ya mabua ya maharage yalisafisha sufuria, meno, hata mtungi wa maji. Akayachekecha ndoo nzima, akayamwaga bwawani. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba majivu ni kinyume cha asidi, kwamba kwenye maji ya namna hiyo klorini hulegea, na kwamba yanaulisha mwani kama yanavyoilisha migomba.

Bosi akarudi. "Mama, nilikuachia maji, nakuta mchicha."

"Nimelisugua, bosi."

"Klorini umeweka kiasi gani?"

"Kijiko kimoja. Kila Jumapili."

"Kijiko? Nani kakwambia kijiko?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nimeshika ule ufito. Bibi hakunitazama.

"Nimejiamulia mwenyewe."

Akafukuzwa palepale, mbele ya mtunza bustani, akiitwa mshamba. Na dawa ya lile bwawa ilikuwa kazi ya siku nne tu! Unasugua kuta. Unapima maji na kuyaondolea nguvu ya majivu kwa asidi ya bwawa, na hiyo huichanganyi kamwe na klorini. Jua likizama unaweka klorini nyingi, ukiwa umetia maji kwanza kwenye ndoo, ndipo klorini. Pampu inazunguka usiku na mchana, chujio unalisafisha kila likijaa, na uchafu uliotua chini unaunyonya. Maji yanatoka kijani, yanakuwa kama maziwa, kisha unaona sakafu. Nimeyarudia haya Kibondo wiki hii, dada wa usafi akiwa pembeni yangu, kila hatua kwa Kiswahili, hadi mwenye nyumba akachoka kusikiliza. Sikujali.

Bosi alihama barabara ilipokwisha, na waliomfuata walifukia bwawa, wakapanda mahindi. Bibi alirudi kulima kijijini kwetu, Nyakitonto. Namkasirikia yule mtu mpaka leo, na ile ndoo, na yule mtoto hodari wa darasa.

Bibi hakunigombeza hata mara moja. Ila hakuniomba tena nimsomee kitu. Mpaka anakufa, karatasi zake za kliniki alizipeleka kwa mtoto wa jirani, aliyesoma kwa kugugumia, na akifika pagumu aliinua kichwa na kusema, "Hapa sijui, bibi."