Jaketi la Ngozi na Matone Mekundu Darajani

Dola thelathini na tano, shati jeupe moja, na muda wa kukaa kwenye kiti ambacho kila mtu alikikwepa: hiyo ndiyo bei ya jaketi langu la ngozi la pikipiki. Nimeipiga hesabu mara mbili, haishuki.

Nilikuwa nalihitaji. Mimi hupeleka vitenge na sabuni huko Bweyeye kwa pikipiki, na barabara ile, ukishafika kandokando ya msitu, ni kokoto na tope. Mvua zilizopita nilianguka kwenye mteremko, ngozi ya kiwiko changu ikabaki barabarani. Tangu siku hiyo, nikikaribia mteremko ule, mikono hukaza breki kabla sijaiambia. Nikaamua: nikianguka tena, ngozi itakayobaki barabarani iwe ya ng'ombe.

Nikavuka mpaka kwenda Bukavu, nchi jirani, kwa mama mmoja anayeuza majaketi ya mitumba. Nilichagua kama ninavyochagua kila kitu, kwa kutoamini. Nilivuta mishono ya mabega, nikapandisha na kushusha zipu, nikafinya viwiko nione kama vina ngozi mara mbili. Vilikuwa nayo. Jaketi lilikuwa jeusi, linang'aa, laini kama limetoka kiwandani jana.

"Dola sitini, Papa. Hii ni ngozi ya kweli."

"Kwa sitini, Maman, nataka na pikipiki yake."

"Ah, Papa! Unataka batoto bangu balale njaa?"

"Batoto bako banakula vizuri kuliko bangu. Thelathini."

Tukakutana kwenye thelathini na tano. Alikubali haraka mno. Hapo ningepaswa kuogopa.

Mpakani kwetu kila mtu anajua: kilicho ndani ya mfuko ni bidhaa, kinalipiwa, kilicho mwilini ni chako. Kwa hiyo nililivaa, nikafunga zipu hadi shingoni, nikashuka kuelekea daraja la Rusizi jua likiwa utosini. Katikati ya daraja nilihisi kitu kinateleza mkononi. Tone jekundu lilitoka ndani ya jaketi, likashuka hadi kidoleni. Nikalifuta. Likaja jingine.

Siku hizo wauguzi upande wetu walipima joto la kila anayevuka, kwa sababu ya habari za homa ya kutokwa damu. Nikilivua jaketi, linakuwa bidhaa mkononi, watalichukua. Nisipolivua, nafika na joto la mtu aliyejifunga ngozi juani, na vidole vyekundu juu yake. Nyuma yangu kulikuwa na msururu wa wabeba mizigo. Huwezi kugeuka pale bila kuulizwa. Nikatia mkono mfukoni, nikatembea.

Muuguzi alinielekezea kipima joto kwenye paji la uso. Akakiangalia. Akanipima tena.

"Papa, uko na joto sana. Toa mkono mfukoni."

Nikautoa.

Alirudi nyuma. Mama mmoja mwenye beseni la samaki akasema, "Yesu wangu!" na nafasi ikapatikana pande zote, jambo ambalo sijawahi kuliona pale. Nikakalishwa peke yangu kwenye kiti cha plastiki, nikitazama hema jeupe la kutengea wagonjwa nyuma ya ofisi na kumfikiria mke wangu akipigiwa simu na mtu asiyemjua. Niliogopa hadi nikasahau kuogopa ushuru.

"Vua jaketi. Polepole," muuguzi akaniambia.

Shati langu lilikuwa jekundu kuanzia kwapani hadi kiunoni. Mama wa samaki akaanza kusali kwa sauti. Muuguzi akainama, akanusa, akanyoosha mgongo.

"Papa, hii ni mawese!"

Kumbe ngozi ilikuwa imekauka, na yule muuzaji aliilowesha kwa mafuta ya mawese, kisha akapaka rangi ya viatu juu yake. Jua lilifanya kazi iliyobaki. "Leteni ndizi, tumukaangie muntu huyu!" mbeba mizigo mmoja akapaza sauti. Wote wakacheka.

Afisa wa forodha akalishika jaketi kwa vidole viwili.

"Lako tangu lini?"

"Zamani, mkubwa."

"Ondoka nalo. Sitaki lichafue meza yangu."

Nilipimwa tena kivulini, nikaachiwa.

Nimelipangusa kwa matambara makavu, nimelitundika mbali na jua na moto, bado linatoa mafuta. Fundi viatu mmoja wa hapa kwetu Kamembe amesema mawese yameozesha uzi. Akavuta begani kidogo kunionyesha, mshono ukaachia. Wa pili amesema ngozi yenyewe ni nzima, lishonwe upya tu kwa nailoni. Wote wawili wanataka pesa, kwa hiyo siwaamini. Mvua zimeanza, na mzigo wa Bweyeye nimeshaufunga.

Wewe uliyewahi kuvaa ngozi, na huniuzii kitu, niambie: mawese yanatolewaje bila kuikausha hadi ipasuke? Na nikianguka na jaketi hili kwenye kokoto, litanikinga, au nimtafute mtu mwingine wa kupeleka mzigo?