Maadamu Tembe la Mama Dorothea Limesimama

Mkataba wa kiwanja cha Mama Dorothea niliuandika mimi, kwa mkono wangu, ndiyo maana sina wa kumlaumu. Nimefundisha miaka thelathini na minne hapa Msalato, na hata baada ya kustaafu watu hunipa kalamu kila penye jambo.

Mama Dorothea amevuka themanini. Ni mjane, na mwanawe wa pekee alishazikwa. Anaishi kwenye tembe aliloachiwa na mumewe, kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo pia. Viwanja vilipopanda bei alikuja kijana wa mjini, Stanley, mpole, shikamoo haimkauki mdomoni. Wakakubaliana: atanunua kwa kulipa kidogo kidogo kila mwezi, na bibi abaki nyumbani kwake.

Abaki mpaka lini? Kuandika "mpaka afe" mbele yake hakuna aliyethubutu, ni uchuro. Ndipo mimi, mjuaji, nikaandika: "Ataishi humo maadamu nyumba imesimama." Mama Dorothea akacheka, akatia dole gumba. Kwetu Wagogo tembe halianguki hivi hivi. Kila mwaka kabla ya mvua mtu hupanda juu, akaongeza udongo na kuziba nyufa. Likitunzwa hivyo, tembe humzika mwenyewe.

Mwezi wa kumi nikapeleka toroli mbili za udongo wa kichuguu. Stanley akanikuta naegemeza ngazi.

"Shikamoo mwalimu. Huo sasa ni ujenzi, na eneo si lake tena."

"Ni kukarabati tu, Stanley. Bila udongo mvua italiangusha."

"Naelewa, mwalimu. Lakini tuheshimu maandishi. Hayasemi kukarabati."

Malipo ya mwezi aliyaleta siku ileile, bila kupunguza hata shilingi. Natamani angekuwa mwizi, ningejua pa kumshitaki.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akausoma mkataba mara mbili, akanirudishia taratibu.

"Mwalimu, mwandiko huu si wako?"

Majuto ni mjukuu, na wangu amekuja kukaa.

Sasa mvua zimeanza. Upande wa jikoni umeshashuka, na Mama Dorothea amehamishia kitanda upande wa pili. Nimembembeleza aje kwangu, mke wangu naye amembembeleza, hataki. Anasema akitoka tu, watasema nyumba haina mtu. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo kila asubuhi hunisubiri mlangoni.

"Mwalimu, hebu niangalizie huko juu. Limesimama?"

Naangalia. Boriti ya kati imepinda, na maji yanachuruzika kwenye ufa unaopitisha mkono mzima.

"Limesimama, mama."

"Haya, asante," husema, kisha huinama na kuingia ndani.